Sauti nene, sauti kali: maneno ya ukali yalivyofika Sigowet

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Sigowet, Kaunti ya Kericho, aliniandikia barua fupi yenye swali refu. Mwanafunzi wake aliandika hivi katika insha: "Babu yangu ana sauti kali lakini ananipenda sana." Mwalimu alitaka kulipigia neno "kali" mstari mwekundu, kisha mkono ukasita. Mtoto alikusudia sauti nzito yenye kukwaruza, ya mzee aliyevuta tumbaku miaka mingi. Je, hiyo ndiyo sauti kali? Na kama siyo, Kiswahili kinaiitaje sauti isiyopendeza masikioni ilhali mwenye sauti hana ubaya wowote?

Ningeweza kulijibu kwa mistari miwili, nikataja "sauti nene" na "sauti ya kukwaruza", tukaachana kwa heri. Lakini nilipoanza kuyapanga maneno yetu ya sauti zisizopendeza, niliona kwamba yamegawika katika koo mbili, na ukoo mmoja una historia ambayo watu wa majanichai wanaijua kuliko sisi waandishi wa safu za lugha.

Ukoo wa kwanza ni wa maneno yanayoeleza koo lenyewe. Sauti ni nene au nyembamba, nzito au nyepesi. Imekauka, imekwama, ina mikwaruzo. Watu wa kwaya hutwambia fulani ana sauti ya besi. Hapa hapana mwenye kuonewa. Mtu anaweza kuwa na sauti ya mikwaruzo akiwa peke yake bafuni.

Ukoo wa pili ni wa vitenzi: kukaripia, kufokea, kukemea, kukoromea, kubwekea, kugombeza. Hebu vitazame vizuri. Karibu vyote vina -ia au -ea mwishoni, yaani vimekaa katika kauli ya kutendea. Havikamiliki bila mtu wa pili. Huwezi kumkaripia yeyote ukiwa peke yako bafuni, labda sabuni. Vitenzi hivi vinatwambia nani ana uwezo juu ya nani. Mzazi humkaripia mtoto. Mtoto akifanya vilevile kwa mzazi tunatafuta neno jingine, tunasema amemjibu vibaya, au amemfyolea. Sauti inaweza kuwa ileile, kwa kipimo kilekile cha kelele, lakini kitenzi kikabadilika kwa sababu mwelekeo umebadilika.

Niyachambue machache, maana humo ndimo utamu ulimo.

Karipia huandikwa pia kalipia, na maandishi hayo ya pili ndiyo yanayofichua asili yake: ni lile neno kali. Kama vile nene linavyozaa nenepa, yaani kuwa mnene, kali nalo lilizaa kalipa, kuwa mkali, kisha kalipia, kuwa mkali kwa mtu. Kali lenyewe ni neno la kale katika lugha za Kibantu, na linashika mengi: kisu kikali, jua kali, pombe kali, mbwa mkali. Kisu hukata, jua huchoma, mbwa huuma. Ukali ni kitu kinachotoka kwa mwenyewe kikamfikia mwingine na kumwachia alama. Ndiyo maana "sauti kali" inayumba. Kwa mmoja ni sauti nyembamba inayochoma masikio kama filimbi, kwa mwingine ni sauti ya hasira. Na vijana wa leo wamezidisha mtafaruku, kwa sababu kwao "ngoma kali" ni wimbo mzuri kupindukia. Mwambie msanii wa Kericho ana sauti kali, naye atakushukuru.

Kufoka ni neno la majimaji. Maji yakichemka yakapanda juu na kumwagika, yamefoka. Mtu aliyefoka, basi, amefanya kama sufuria: moto ulikuwa chini muda mrefu kabla ya sisi kuona povu. Napenda namna neno hili lilivyotumiwa miaka ya karibuni kuuita muziki wa rapu "muziki wa kufokafoka". Hapo limeachana na -ea yake. Mfokaji anafoka, lakini hamfokei mtu.

Kukemea limepata bahati ya peke yake. Wafasiri wa Biblia walilichagua kwa pale Yesu anapoukemea upepo na pepo wachafu, na tangu hapo limevaa joho. Siku hizi magazeti yetu, hili likiwemo, hulitumia kila wiki: viongozi wakemea ufisadi, maaskofu wakemea matamshi ya chuki. Mkemeaji wa magazetini si lazima apandishe sauti hata kidogo. Anaweza kukemea kwa taarifa iliyochapwa.

Kuhamaki nalo ni la Kiarabu, na huko lilikotoka mzizi wake unahusu upumbavu. Sisi tumelifanya kuwa hasira ya ghafla. Nadhani waliofanya badiliko hilo walikuwa na akili.

Kukoromea linatokana na kukoroma, ule mkoromo wa usingizini, na ndugu yake ni koromeo. Hapa koo mbili nilizozitaja zinakutana: mlio wa kooni unageuzwa kuwa silaha kwa kuongezewa -ea tu.

Sasa nirudi kwenye ukoo wa kwanza kidogo, maana una neno moja ambalo mwalimu wa Sigowet hakulitaja, na nadhani najua kwa nini. Neno hilo ni kupwelewa. Huko pwani bahari hujaa na kupwa. Chombo kilichochelewa kuondoka huachwa juu ya mchanga, maji yamekwenda zake; hapo chombo kimepwelewa. Na mtu aliyepotewa na sauti kwa mafua au kwa kuimba usiku kucha, naye hupwelewa na sauti. Kamusi zinalihifadhi. Sijui neno lililo bora kuliko hili kwa sauti iliyokwaruza: sauti ni maji, koo ni ufuo, na maji yameondoka. Lakini nani atalielewa Sigowet? Ziwa Victoria haliko mbali, ila halina kupwa na kujaa kunakoweza kuacha mtumbwi mchangani kila siku. Katika miinuko ya chai watu husema "sauti imekauka" au "sauti imeenda", na wanaeleweka.

Hili lina historia yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo. Kamusi maarufu ya Frederick Johnson ikatoka 1939. Kwa hiyo maneno ya koo, yale ya upole na uchunguzi, yaliingia vitabuni kutoka visiwani na mwambao, na yalipanda bara kwa njia ya shule. Maneno ya kukaripiwa hayakungoja shule. Yalifika Kericho kwa njia nyingine, tena mapema zaidi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitwaa ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho, ekari 25,000 hivi, ili maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani wapande kitani. Mradi ulikufa upesi bei ya kitani ilipoanguka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Chai inataka mikono mingi, kila siku, mwaka mzima. Mikono ilitoka kwa Wakipsigis wenyewe, kwa Waluo, Wakisii, Waluhya na wengineo, na lugha ya kuiamrisha mikono hiyo ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili gani? Wataalamu wamekiita Kisetla. Anthony Vitale aliieleza sarufi yake katika makala ya mwaka 1980, na W. H. Whiteley alikigusia kabla yake katika kitabu chake cha 1969 kuhusu kukua kwa Kiswahili. Lakini ushahidi mtamu zaidi ni kitabu cha mazoezi cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, cha mwaka 1936. Jina lake refu linawataja waliokusudiwa: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Jirani hatajwi. Kilikuwa Kiswahili cha mtu mwenye jambo la kufanyiwa.

Alama yake kubwa, na hii ingali nasi, ni amri tupu. Chukua kitenzi "kuja". Kiswahili cha pwani kina "njoo", na kwa wengi "njooni", na kwa anayetaka kubembeleza kina "uje", "hebu njoo", "njoo mwanangu". Bara tulipokea "kuja". "Kuja hapa!" Ni kitenzi kisichonyambuliwa hata kidogo, kilichobebwa na sauti pekee. Maana mzungumzaji asipokuwa na "uniletee", asipokuwa na "naomba", asipokuwa na "tafadhali", kilichobaki cha kuonyesha anataka nini na kwa haraka gani ni kupandisha sauti. Hapo ndipo penye hoja yangu: Kisetla kiliondoa adabu kwenye sarufi, kisha kikaipa sauti kazi yote.

Na aliyeibeba sauti hiyo hadi safu za majani hakuwa setla. Alikuwa nyapara. Neno hili nalo limesafiri. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Tabora na Bagamoyo, wanyampara wa Kinyamwezi walikuwa wakuu wa makundi ya wapagazi, watu wenye heshima, wenye kujadili posho na mahali pa kulala kwa niaba ya wenzao. Wakati neno linafika kwenye mashamba ya Kenya, nyapara alikuwa amegeuka uso: hakuwasemea tena wafanyakazi kwa tajiri, aliwasemea wafanyakazi maneno ya tajiri. Katika magereza pia ana jina hilohilo. Muulize mzee yeyote wa Kericho sauti ya nyapara ilikuwaje, na hatakuambia kama ilikuwa nene au nyembamba.

Miaka imepita, nyapara wengi sasa wanaitwa masupavaiza, na sehemu kubwa ya chai ya Sigowet iko mikononi mwa wakulima wadogo wanaopeleka majani yao vituoni. Kiswahili kilichobaki midomoni ni kilekile. Nenda soko la Sondu, mpakani mwa Wakipsigis, Waluo na Wakisii, utasikia mtu akimwita rafiki yake wa chanda na pete: "Wewe! Kuja hapa!" Hana ugomvi. Anamwita wanywe chai.

Wenzetu wa pwani husikia hayo na kusema watu wa bara hawana adabu ya ulimi. Nimelisikia mara nyingi Mombasa, kwa tabasamu na bila tabasamu. Lakini sikio la pwani linasikia mambo matatu kwa mpigo na kuyaita jina moja. La kwanza ni hiyo amri ya Kisetla, ambayo Mkipsigis hakuibuni. La pili ni matamshi. Kikipsigis, kama lugha nyingine za Kikalenjin, hakina f, v, z wala sh za asili, na tofauti ya p na b, au ya k na g, haibadilishi maana ya neno. Hazina yake iko kwingine: kina seti mbili za irabu, na kiimbo cha neno kinaweza kuonyesha kama nomino ni mtenda au mtendwa. Taaitta Toweett, mwanasiasa wa Kericho aliyewahi kuwa waziri wa elimu, aliandika kitabu kizima kuhusu isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Msemaji wa lugha yenye viimbo vya namna hiyo akisema Kiswahili, sauti yake hupanda na kushuka mahali ambapo Mvita au Muunguja hapategemei. Asiyezoea husema: huyu amekasirika.

La tatu ni desturi ya kuanza mazungumzo. Jina lenyewe Kalenjin, ambalo lilienea kwa matangazo ya redio ya miaka ya 1940, maana yake ni "nakwambia". Katika Kiswahili "nakwambia!" linaweza kuwa kitisho. Kwa Wakalenjin lilikuwa ombi la sikio, kama msimulizi wa pwani anapoita "paukwa". Jamii nzima imechukua jina kutokana na namna ya kufungua kinywa, na bado wapo wanaoisikia namna hiyo kama kufoka.

Nimelitaja neno kufoka kwa makusudi. Miaka mingi iliyopita nilimsindikiza mama mmoja mzee, jirani, kwenda kutoa maelezo katika ofisi ya shamba moja ambalo sitalitaja. Alikuwa na lalamiko dhidi ya msimamizi wake. Karani, kijana aliyetoka mbali na Kericho, alikuwa na heshima zake.

"Mama, tuambie ilivyokuwa."

"Nyapara alinipokea mbele ya watu."

Karani akaandika. Mama alipomaliza, karani akamsomea: kwamba siku hiyo alifika kazini na akapokelewa na msimamizi mbele ya wenzake. Mama akatikisa kichwa. Binti aliyekuwa ameketi mlangoni akasema kwa upole, "Si kupokea. Ni kufokea." F haikuwamo katika ulimi wa mama yule, na p ilikuwa imechukua nafasi yake, na dhuluma ikageuka kuwa makaribisho.

Karani akafuta, akaandika "alinikaripia". Akamsomea tena.

"Hiyo ni nini, kijana wangu?"

"Ni kukemea, mama."

"Hapana. Kukemea ni pepo," alisema mama, naye alikuwa mtu wa kanisa. "Andika alinipigia kelele."

Karani akaandika hivyo. Kisha akauliza swali ambalo karani yeyote angeuliza: alikuambia maneno gani? Mama akasema msimamizi hakumtukana. Alisema "kuja" tu, na "haraka".

Tazama alichokifanya mama huyo na lugha. Kupiga kelele katika Kiswahili cha vitabuni ni kufanya ghasia, kama watoto darasani au chiriku mtini. Hakuna anayeonewa. Yeye na wenzake wa majanichai walikitwaa kitenzi hicho kisicho na ukali, wakakiongezea -ia, na papo hapo kikapata mwelekeo: kelele inatoka juu, inaangukia mtu. Walifanya kilekile ambacho Waswahili wa kale walifanya walipotoka kali wakafika kalipia. Leo Kenya nzima inasema "usinipigie kelele", na pia "usiniongeleshe hivyo", nalo ni zao la kiwanda hichohicho. Vitabu vyetu vya shule bado vinayaona kama Kiswahili cha mtaani. Mimi naona ni mnyambuliko halali, umefuata kanuni zote.

Kwa mwalimu wa Sigowet, basi: usimnyime mtoto alama, ila mwonyeshe kwamba babu ana sauti nene, au sauti ya mikwaruzo, na kama ni mafua mwambie kuhusu kupwelewa na umchoree mashua mchangani. "Kali" mwachie babu siku atakapomkaripia. Na neno lake "lakini" liache lilivyo. Linaonyesha kwamba mtoto tayari anajua sauti ya babu inaweza kueleweka vibaya.

Lipo jambo moja linalonisumbua zaidi ya alama za insha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44(4)(d), inamruhusu mwajiri kumfuta kazi papo hapo mfanyakazi anayetumia lugha ya matusi kwa mwajiri wake au kwa mtu aliyewekwa juu yake. Kifungu hicho kinatazama juu tu, kutoka kwa mchuma majani kuelekea kwa msimamizi. Tena kinazungumzia lugha na mwenendo wa kutusi. Mama yule hakutukanwa kwa neno lolote ambalo karani angeweza kuliandika kwenye karatasi. Maneno mawili aliyoambiwa yamo katika kitabu chochote cha Kiswahili cha watoto. Kilichomfikia kilikuwa sauti. Wakalimani wa mahakama na makarani wa ofisi za kazi hukutana na kesi za namna hii, na mkononi wana "kukaripia", ambalo mlalamikaji halijui, na "kupigia kelele", ambalo analijua lakini wao huona haya kuliandika. Wakiandika "alizungumza naye kwa sauti kali", anayesoma faili Nairobi anaweza kudhani ni suala la koo.